Kichwa Hutangulia Kiwiliwili: Uhakiki wa Kanuni za Kuchanganua na Kusimbua Vichwa vya Baruapepe, kwa Kuzingatia Ufuo wa Ziwa Mweru

Ikisiri

Makala hii inahakiki kanuni zinazoongoza namna programu za kompyuta zinavyochanganua na kusimbua vichwa vya baruapepe. Hati zinazohakikiwa ni RFC 822 (1982), RFC 2047 (1996) na RFC 5322 (2008). Hati hizi kwa kawaida husomwa na wahandisi pekee. Hapa zinasomwa kama matini zenye msimamo kuhusu mwandishi ni nani, jina ni nini na lugha ipi ni ya kawaida. Usomaji umefanywa kwa kuzingatia Nchelenge na ufuo wa Ziwa Mweru, nchini Zambia, ambako Kiswahili, Kibemba, Kifaransa na Kiingereza hukutana kila siku. Makala inadai kwamba kanuni hizo ni bora kuliko zinavyosifiwa katika jambo moja, yaani mpangilio wa kazi: kuchanganua kwanza, kusimbua baadaye. Inadai pia kwamba zina upofu katika mambo mawili: lugha ya kukariri mada, na dhana ya mwandishi kama mtu mmoja. Mwisho, inapendekeza kwamba utamaduni wa barua za Kiswahili unao msamiati na mazoea yanayoweza kuzisahihisha programu, na si kupokea tafsiri tu.

Istilahi za msingi: baruapepe, kichwa, kuchanganua, kusimbua, matini-kando, Ziwa Mweru

1. Utangulizi

Nchelenge ni makao makuu ya wilaya iliyo kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula. Ng'ambo ya maji ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye miji ya Kilwa na Pweto. Upande wa Zambia lugha ya mkoa ni Kibemba na lugha ya ofisi ni Kiingereza. Upande wa Kongo lugha ya ofisi ni Kifaransa, na Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mtaa. Kiswahili huvuka ziwa hilo pamoja na wafanyabiashara wa chisense, wale dagaa wa Mweru wanaoanikwa kwenye michanga ya Kashikishi. Kimevuka pia kwa njia ya majonzi: mwaka 2017 maelfu ya watu waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika waliingia Zambia, wakapokewa katika kituo cha Kenani, na kuanzia mwaka 2018 wengi wao wakapelekwa kwenye makazi ya Mantapala, yote mawili yakiwa katika Wilaya ya Nchelenge.

Katika mazingira haya baruapepe moja inaweza kuandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyesoma shule kwa Kifaransa, kwa kutumia programu ya Kifaransa, ikafika kwa karani anayefanya kazi kwa Kiingereza na kuzungumza Kibemba nyumbani. Kabla macho ya karani huyo hayajaona neno hata moja la ujumbe, programu yake imekwisha kusoma kichwa, imeamua ni nani aliyeandika, ameandika lini, anasema kuhusu nini, na ujumbe huu ni jibu la ujumbe gani. Uamuzi huo ni usomaji. Na kama ulivyo usomaji wowote, unaweza kuwa mzuri au mbaya.

Uhakiki wetu wa mawasiliano ya kielektroniki umezoea kuanzia kwenye kiwiliwili: tahajia, ubadilishaji msimbo, msamiati wa vijana. Kichwa tumewaachia mafundi. Makala hii inashikilia kuwa huko ni kuacha mlango bila bawabu. Swali hili lina uzito zaidi tangu Agosti 2019, pale Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC), ambayo Zambia na Kongo ni wanachama wake, ilipokipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya nne rasmi pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Lugha rasmi huandikiwa barua; na barua za leo zina vichwa.

Mifano yote ya vichwa iliyomo humu imebuniwa na mwandishi kwa kufuata kanuni zinazohakikiwa. Hakuna ujumbe wa mtu halisi uliotumika.

2. Kiunzi cha nadharia

Gérard Genette, katika kitabu chake Seuils (1987), alichunguza kile kinachoizunguka matini bila kuwa matini yenyewe: jina la mwandishi, anwani ya kitabu, utangulizi, tabaruku. Aliyaita mambo haya kizingiti. Katika makala hii tunatumia istilahi matini-kando. Hoja ya Genette ni kwamba msomaji haingii katika matini moja kwa moja. Hupita kwanza kizingitini, na huko ndiko anakoelekezwa namna ya kusoma.

Kwa Mswahili dhana hii si ngeni. Mgeni hupiga hodi kabla ya kuingia, na hodi hiyo humweleza mwenye nyumba mengi: sauti ya nani, anatoka upande gani, amekuja kwa heri au kwa shari. Kichwa cha baruapepe ni hodi iliyoandikwa. Tofauti na hodi ya mdomo, hata hivyo, hii huitikiwa kwanza na programu, ambayo ndiyo inayomweleza mwenye nyumba aliyebisha ni nani. Kwa hiyo uhakiki wa matini-kando katika baruapepe lazima uwe na hatua mbili: kuhakiki kilichoandikwa, na kuhakiki kanuni ya msomaji wa kwanza.

3. "Wa baada" na mstari mtupu

RFC 822, iliyoandikwa na David Crocker na kutolewa Agosti 1982, inaugawa ujumbe katika sehemu mbili. Kichwa ni mfuatano wa nyuga, kila uga ukiwa na jina, nukta mbili na thamani yake. Kiwiliwili hufuata. Kinachotenganisha viwili hivi ni mstari mtupu mmoja. Programu ikiukuta mstari huo, hujua kwamba utambulisho umekwisha na maneno yameanza.

Mpango huu una ndugu yake mkubwa katika utamaduni wa Kiswahili. Barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama zile ambazo Carl Büttner alizichapisha mwaka 1892, hufuata mwenendo unaotambulika: jina la anayeandikiwa pamoja na sifa zake, salamu na dua, jina la mwandishi, kisha fungu la maneno "wa baada", ndipo shauri lenyewe huingia. "Wa baada" hufanya kazi ileile ya mstari mtupu. Msomaji aliyezoea barua hizo akiliona, hujua kwamba adabu imetimia na haja inaanza.

Ufuo wa Mweru haukuwa nje ya utamaduni huo. David Livingstone alipoliona ziwa hili tarehe 8 Novemba 1867, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kutangulia. Katika mji wa Kazembe alimkuta Muhammad bin Salih, aliyekuwa amekaa huko kwa miaka mingi. Livingstone mwenyewe alisafiri na barua ya Sultani Majid wa Zanzibar ya kumtambulisha kwa wafanyabiashara hao. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, anasimulia katika tawasifu yake ya Kiswahili vita vyake na Nsama katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Barua na watu wa kuisoma walikuwapo hapa kabla ya mipaka ya kikoloni. Hata neno la Kibemba kwa barua, kalata, linasimulia njia nyingine ya kale: limetokana na Kireno, chimbuko lilelile lililotupa sisi karata za kuchezea. Neno moja limefika ziwani likiwa waraka na pwani likiwa mchezo.

Ulinganisho huu unatufunulia tofauti mbili zenye maana. Ya kwanza ni mpangilio. Katika barua ya Kiswahili nafasi ya jina ni heshima: anayeandikiwa hutangulia, mwandishi hufuata akijishusha. RFC 5322 haiujali mpangilio huo. From inaweza kutangulia au kufuata To, na maana haibadiliki. Heshima iliyokuwa ikibebwa na mfuatano inabaki bila chombo.

Ya pili ni kumbukumbu ya mchukuzi. Barua ya msafara ilipita mikononi mwa watu wengi, na mara nyingi hakuna aliyeacha alama juu yake. Baruapepe ni kinyume. Kila seva inayoipokea huandika uga wa Received na kuuweka juu ya ile iliyotangulia. Kwa sababu hiyo njia ya ujumbe husomwa kutoka chini kwenda juu: mstari wa chini ndio wa kwanza kwa wakati. Msomaji mwangalifu hujua pia kwamba mistari ya chini kabisa inaweza kughushiwa na mtumaji, na kwamba ile tu iliyoandikwa na seva anazoziamini ndiyo ushahidi.

Wakati nao una mtego. Nchelenge, Pweto na Lubumbashi zinatumia saa ileile, inayoandikwa +0200 kichwani. Kinshasa ni +0100, Dar es Salaam ni +0300. Programu inayopanga ujumbe kwa kuangalia saa bila kuangalia alama hiyo inaweza kuliweka jibu la Kinshasa kabla ya swali la Nchelenge. Mswahili, ambaye tayari huhesabu saa kuanzia mapambazuko na kuitafsiri kichwani kila anapotazama saa ya ukutani, hana haja ya kuelezwa kwamba tarakimu pasipo marejeo ni nusu ya habari.

4. Jina na koma: kwa nini uchanganuzi hutangulia

RFC 822 iliruhusu herufi za ASCII pekee, yaani seti ya Kimarekani iliyotoka mwaka 1963. Keith Moore alipoandika RFC 2047 (Novemba 1996), alikuwa na tatizo gumu: jinsi ya kupitisha herufi nyingine katika seva ambazo hazikuwa zimewahi kuzisikia. Suluhisho lake ni neno lililosimbwa. Neno hilo huanza kwa alama =? na kuisha kwa ?=, na katikati lina vipande vitatu: seti ya herufi, namna ya usimbaji, na maandishi yenyewe. Namna za usimbaji ni mbili. Q huacha herufi za kawaida zisomeke na kubadili zile ngeni tu. B hubadili zote. Neno dawa likipita katika B huwa ZGF3YQ==, na hakuna jicho la binadamu litakalolitambua.

Tuchukue jina la mfano. Katika Kongo majina huandikwa mara nyingi kwa kuanza na jina la ukoo, na orodha nyingi za ofisi huliwekea koma. Kichwa kitakuwa hivi:

From: =?UTF-8?Q?Ngoy=2C_=C3=89lise?= <elise@example.org>

Hapa =2C ni koma, mstari wa chini ni nafasi, na =C3=89 ni É. Sasa, koma katika uga wa anwani ina kazi ya kisarufi: hutenganisha mtu mmoja na mwingine. Programu ikisimbua kwanza, itapata Ngoy, Élise <elise@example.org>, na ikichanganua baada ya hapo itaona watu wawili: mmoja anaitwa Ngoy na hana anwani, mwingine anaitwa Élise. Programu ikichanganua kwanza, itaona neno moja lililosimbwa likifuatwa na anwani moja. Kisha italisimbua neno hilo na kupata jina kamili la mtu mmoja. RFC 2047 inaagiza njia hii ya pili. Muundo hutambuliwa kabla ya maandishi kufunguliwa.

Agizo hili ni sehemu bora kabisa ya hati nzima, na inashangaza kwamba ndilo linalovunjwa kwa urahisi zaidi. Sababu ni kwamba njia mbaya hufanya kazi mara nyingi. Majina mengi hayana koma, kwa hiyo programu iliyoandikwa vibaya hupita majaribio yake yote London, kisha hummega mtu vipande viwili Mantapala. Kuna hatari kubwa zaidi. Ndani ya neno lililosimbwa mtu anaweza kuficha anwani nzima ya mtu mwingine pamoja na mabano yake. Programu inayosimbua kwanza itaichukua anwani hiyo kuwa ya mwandishi halisi. Ulaghai hapa haukuhitaji kuvunja kufuli. Ulihitaji msomaji anayekimbilia maana kabla ya kuutambua muundo.

Mhakiki wa fasihi anaijua kanuni hii kwa jina lingine. Hatuanzi kulifasiri shairi kabla ya kujua mshororo unaishia wapi. Anayesoma utao kama mwendelezo wa ukwapi bila kuiona kituo iliyo kati yao atapata maana, lakini si ya mshairi.

5. Nafasi inayofutwa, herufi isiyoonekana

Kiswahili sanifu kina bahati inayoweza kutupumbaza. Alfabeti yake yote imo ndani ya ASCII. Hatuna É wala Ü. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba RFC 2047 ni shauri la Wafaransa na Wajapani. Dhana hiyo inavunjwa na alama moja ndogo: ritifaa ya ng'.

Programu nyingi za kuandikia hubadili ritifaa nyoofu kuwa iliyopinda, bila kumuuliza mwandishi. Ritifaa iliyopinda haimo katika ASCII. Katika UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99. Neno ng'ombe lenye ritifaa hiyo lazima lisimbwe: =?UTF-8?Q?ng=E2=80=99ombe?=. Msomaji wa mwisho akilifungua kwa seti isiyo yake, ile ya Windows-1252, ataona ng’ombe. Majirani wa Kibemba wana sauti hiyohiyo katika ng'anda, nyumba, na baadhi ya maandishi yao hutumia herufi ŋ, ambayo nayo ni baiti mbili nje ya ASCII. Ng'ombe na nyumba, mali mbili za kwanza za mtu, ndizo zinazoharibika kichwani.

Tatizo la nafasi ni zito zaidi, kwa kuwa haliachi alama ya kuonekana. RFC 2047 inaweka kikomo cha vibambo 75 kwa neno moja lililosimbwa. Mada ndefu hukatwa vipande, na kati ya kipande na kipande huwekwa mstari mpya na nafasi. Kanuni inasema nafasi hiyo ifutwe wakati wa kuonyesha, kwa kuwa ni ya usafirishaji tu. Lakini kwa mada isiyosimbwa kanuni ni kinyume: mstari ukikunjwa, nafasi iliyoko kwenye mkunjo ni ya mwandishi na lazima ibaki. Nafasi zinafanana kwa sura na kutofautiana kwa asili, na programu lazima izijue kwa mazingira yake.

Tazama mfano huu, uliofupishwa ili mkato uonekane:

Subject: =?UTF-8?Q?Dharura_=E2=80=93_watoto_hawa?=
 =?UTF-8?Q?na_dawa?=

Kistari kirefu kilicho baada ya neno Dharura ndicho kilicholazimisha usimbaji. Programu inayofuata kanuni itaonyesha: Dharura – watoto hawana dawa. Programu inayoacha nafasi itaonyesha: Dharura – watoto hawa na dawa. Kwa Kiingereza, neno likikatwa vibaya mara nyingi huonekana limekatwa. Msomaji huliunganisha na kuendelea. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Viambishi vyake hubeba ukanushi, nafsi na njeo, na kikikatwa kitenzi au kishirikishi, vipande vyake vinaweza kuwa maneno halali. Hapa ukanushi umegeuka kuwa kionyeshi na kiunganishi. Tahadhari ya ukosefu imekuwa taarifa ya uwepo. Karani aliye na ujumbe mia moja mbele yake, anayesoma mada tu ili kujua upi aufungue kwanza, hana sababu ya kushuku.

Wajibu huu mara nyingi huachiwa mwandishi wa programu. Katika maktaba ya Python, kwa mfano, kitendakazi cha zamani decode_header hakirudishi matini iliyokamilika. Hurudisha jozi za vipande na seti zao za herufi. Anayeziunganisha kwa kuweka nafasi katikati, kwa mazoea ya kuunganisha maneno, anaweza kutenda kosa lilelile bila onyo lolote.

6. Ni nani anayesema "mimi"?

RFC 822 inatofautisha From na Sender. From ni mwandishi. Sender ni aliyetuma kwa mkono wake. Watu wawili au zaidi wakiwa waandishi, From inaweza kuwataja wote, na hapo Sender ni lazima. Utofautishaji huu ni wa maana, na barua rasmi za Kiswahili zimeujua siku zote kwa herufi tatu: k.n.y., kwa niaba ya. Katibu anayetia saini k.n.y. Mkurugenzi ni Sender. Mkurugenzi ni From.

Hata hivyo kanuni hii inadhani kwamba nyuma ya From kuna mtu au watu wanaoweza kuhesabiwa. Luapula inatupa mtihani mgumu zaidi. Ian Cunnison, aliyeandika kuhusu watu wa bonde hili katika miaka ya 1950, alieleza mfumo wa urithi ambao mrithi huchukua jina, cheo na udugu wa aliyemtangulia. Akiwa marehemu alikuwa kaka wa chifu fulani, mrithi naye ni kaka wa chifu huyo, hata kama ni kijana. Aliita hali hiyo undugu wa kudumu. Katika mazungumzo ya historia mwenye cheo husema "mimi" kwa matendo ya watangulizi wake. Historia ya Waluunda iliyotolewa kwa Kibemba mwaka 1951 kwa jina la Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, inaitwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi: wahenga wangu na watu wangu. Kimilikishi cha nafsi ya kwanza kipo katika jina la kitabu chenyewe.

Sasa tazama anwani ya ofisi. Sehemu iliyo kabla ya alama ya @ ni cheo. Jina linaloonyeshwa mbele yake ni la mtu aliyepo leo. Mtu huyo akihamishwa, jina hubadilika na anwani hubaki, pamoja na mazungumzo yote yaliyokwisha kuanzishwa, yanayounganishwa na nyuga za In-Reply-To na References. Mrithi wa meza hurithi nasaba nzima ya barua. Watu wa Luapula wangelielewa jambo hili bila maelezo: anwani ni cheo, jina ni mwili unaokikalia. Programu nyingi hazilielewi. Huonyesha jina na kuficha anwani, hivyo humwonyesha msomaji kinachobadilika na kumficha kinachodumu. Hapo ndipo mlaghai hupata nafasi, kwa sababu jina huandikwa na yeyote apendavyo. Kwa utamaduni unaohifadhi cheo, chaguo sahihi lingekuwa kuonyesha vyote viwili daima.

7. Yah, Re na TR

Uga wa Subject umetafsiriwa katika Kiswahili kama mada, na neno hilo limeenea. Halina ubaya, lakini linaonyesha kwamba mtafsiri alitazama neno na hakutazama kazi yake. Barua rasmi ya Tanzania ina YAH. Ile ya Kenya ina KUH au MINT. Zote humaanisha kuwa maneno yanayofuata yanahusu shauri fulani. Hilo hasa ndilo neno Re linalowekwa mbele ya jibu. RFC 5322 inaeleza kwamba Re ni kifupisho cha Kilatini in re, "katika shauri la". Wengi huidhania kuwa kifupisho cha jibu. Kiswahili kilikuwa na tafsiri sahihi ya Re katika majalada ya serikali kabla baruapepe haijafika, na hakuna aliyeiomba.

Jambo hili lingekuwa la istilahi tu kama programu zisingelitumia kuamua undugu wa ujumbe. RFC 5256 (2008) inaeleza namna ya kupata mada ya msingi kwa kuondoa viambishi vya mbele ili majibu yakusanywe pamoja. Viambishi inavyovitambua ni re, fw na fwd. Programu za Kifaransa huandika TR kwa ujumbe uliopelekwa mbele, za Kijerumani huandika AW kwa jibu na WG kwa uliopelekwa. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichomo. Ujumbe ukitoka Pweto kwenda Nchelenge kupitia programu ya Kifaransa, ukajibiwa kwa Kiingereza na kurudishwa, unaweza kubeba Re: TR: RE: TR:, na kila kiambishi kisichotambuliwa hukata uzi. Pale ambapo References imepotea njiani, shauri moja la familia moja huonekana mbele ya karani kama mashauri manne yasiyojuana.

8. Tathmini

Ni rahisi kuihukumu RFC 2047 kwa jina lake, linalozieleza lugha za ulimwengu kwa kile zisichokuwa: matini yasiyo ya ASCII. Hukumu hiyo ina ukweli. Lakini ni nusu. Moore hakuwa na uwezo wa kuzibadili seva zote kwa siku moja. Alibuni bahasha inayoweza kubebwa na mchukuzi asiyejua kusoma kilichomo, na bahasha hiyo imezivusha herufi za lugha nyingi. Barua za hati ya Kiarabu zilizopita Mweru nazo zilibebwa na wapagazi wasiozisoma, zikafika. Kuna unyenyekevu katika ubunifu wa namna hiyo ambao mhakiki hana budi kuuheshimu.

Mwaka 2012 RFC 6532 iliruhusu UTF-8 kuandikwa moja kwa moja kichwani. Wengine husema kwamba kwa hatua hiyo usimbuaji ni historia. Hoja hiyo haisimami. Seva zisizokubali zingali zipo, na kumbukumbu za miaka mingi zimeandikwa kwa kanuni ya zamani. Hata ikikubaliwa kote, RFC 6532 inatatua suala la herufi pekee. Haisemi lolote kuhusu TR, wala kuhusu anwani inayorithiwa.

9. Hitimisho na mapendekezo

Makala imeonyesha kwamba kichwa cha baruapepe ni matini-kando inayosomwa kwanza na programu, na kwamba makosa ya usomaji huo huangukia zaidi watu walio kwenye mipaka ya lugha. Mapendekezo ni manne. Kwanza, watunzi wa programu wazingatie mpangilio wa RFC 2047 bila mkato: kuchanganua, kisha kusimbua. Pili, vyombo vya Kiswahili, vikiwamo BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vitoe pamoja na orodha za istilahi mkusanyo wa sentensi za majaribio: ritifaa iliyopinda, jina lenye koma, hawana iliyokatwa katikati. Istilahi pekee haiwezi kuipima programu, sentensi inaweza. Tatu, msamiati wa barua rasmi, yaani Yah, Nakala kwa, k.n.y. na Kumb. Na., uwe chanzo cha kwanza cha tafsiri ya nyuga kabla ya kutafsiri neno la Kiingereza. Nne, idara za Kiswahili ziingize usomaji wa vichwa katika somo la uandishi wa barua. Mwanafunzi anayefundishwa mahali pa kuweka anwani na tarehe afundishwe pia kufungua kichwa kizima cha ujumbe, kuisoma mistari ya Received kutoka chini kwenda juu, na kulinganisha jina na anwani. Katika wilaya ambako taarifa ya watoto na dawa husafiri kwa njia hii, ujuzi huo ni sehemu ya kujua kusoma.